Barua Zinazosubiri kwa Madam Amongin

"Huyo mama anajua mtu amekufa kabla hata mama mzazi ajue," Mama Wabwire alisema pale bombani, akikamua shuka. "Halafu ananyamaza nayo! Anakula ugali wake vizuri, anasalimia watu. Mpaka siku atake kubonyeza, ndiyo kilio kinaanza. Na wewe, Mama Okwi, unampelekea mtoto mchanga ndani ya hiyo nyumba?"

Wilkista alicheka kidogo tu. Alimfunga Okwi mgongoni kwa leso, akabeba ndoo, na alipoitua mlangoni kwake akaelekea huko huko kwa Madam Amongin. Chumba chake mwenyewe mabati yalichoma mchana, lakini cha Madam kilikuwa na dari na pazia la kijani, na mtoto alilala humo kama aliyerudi tumboni.

Jina la Madam lilitoka zamani, alipokuwa karani katika ofisi moja ya klearing, ya kupitishia mizigo mpakani, hapo Malaba. Ofisi ilifungwa, yeye akabaki na jina na kompyuta. Sasa alitunza anwani moja ya barua pepe ya watu wa kwao waliotawanyika: wa Juba, wa Doha, wa melini, wa Nairobi. Ukiandikia anwani hiyo, barua inawafikia wote. Walijaribu kundi la WhatsApp, likavunjika kwa matusi ya siasa, wakarudi kwa barua.

Mwanzoni kila mtu aliandika na barua zikapita zenyewe. Halafu siku moja, sokoni, kijana aliyesoma barua ya msiba kwenye simu akamwambia mama mmoja muuza nyanya, "Pole sana, mama." Mama akauliza, "Pole ya nini?" Toka siku hiyo Madam alifunga njia. Barua ya mtu yeyote ilisimama kwake kwanza, akaisoma, akaiachilia au akaizuia. Aliyeruhusiwa kuandika bila kusimamishwa alikuwa mmoja tu, katekista Osukuku, kwa sababu yeye hufika kwanza nyumbani kwa watu kwa miguu yake.

Mchana huo Wilkista alikuta Madam ameweka kiganja mdomoni.

"Obuya wa Amagoro," alisema polepole. "Amelala huko Juba, hakuamka. Okwara ameandika kutoka Doha."

"Na mama yake?"

"Hajui. Osukuku yuko njiani, amempitia dada yake mama."

Wilkista aliketi kwenye mkeka, akamtoa Okwi mgongoni, akampa titi. Nje trela zilinguruma zikingoja kuvuka, ngurumo moja ndefu isiyo na mwisho, na vumbi lililopenya dirishani lilielea kwenye mwanga kana kwamba halina haja ya kutua. Akawaza juu ya yule mama wa Amagoro. Labda anapukuchua maharagwe. Labda anamkaripia kuku. Kwake mwanawe bado mzima. Akitaka anaweza kumkasirikia kwa kutopiga simu, na hasira hiyo ikawa tamu. Mchana huu wote ni wake, na aliyempa ni Madam. Au amemwibia? Wilkista aligeuza wazo hilo huku na huku, asipate upande wa kulilaza. Okwi alinyonya, akaacha, akatabasamu usingizini.

Simu ikalia. Madam aliiweka sauti ya juu, kwa maana sikio lake moja lilikuwa zito.

"Madam, barua yangu iko wapi?" Ilikuwa sauti ya Okwara. "Huku tunataka kuanza maombi!"

"Omba, mwanangu. Mungu hasomi barua pepe."

"Wewe ni nani, afisa wa kastamu? Unakagua mpaka msiba? Si uniruhusu niwe naandika moja kwa moja kama Osukuku!"

"Osukuku anaenda na miguu. Wewe una vidole tu."

"Aa, Madam!"

"Kuna binamu yake Obuya kwa hiyo anwani, anakaa nyuma ya nyumba ya mama. Akisoma, atapiga nduru. Unataka mama asikie kupitia ua?"

Halafu Okwara akasema, kwa sauti ya chini, "Basi ngoja. Lakini ngoja haraka."

Wakangoja. Mwanga ulihama kutoka ukutani hadi mguuni pa Madam, na hapo Wilkista akaona jinsi mguu ulivyovimba, ngozi imenyooka ikang'aa. Hakuuliza. Baadaye simu ililia tena, na ilikuwa katekista.

"Tumefika. Tumemwambia. Dada yake amemshika."

Madam alifumba macho, akayafumbua, akabonyeza. Barua ikaenda.

"Umeuona mguu," alisema bila kugeuka. "Huko Alupe daktari ameniambia ni moyo. Umechoka. Funguo ya hizi barua iko kwangu peke yangu, na hiyo si vizuri. Leo nataka nikuandike wewe uwe wa pili."

"Mimi, Madam? Mimi niliishia darasa la nane."

"Hapa hakuna mtihani. Nimekutazama. Unaweza kukaa na kitu bila kukisema."

Wilkista alimlaza Okwi juu ya leso, akasogea karibu na kompyuta. Madam alimshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Sikiliza. Siku moja barua ya msiba wangu itasimama hapa. Okwara ndiye ataiandika, namjua, ana mbio. Binti yangu Imakulata yuko kwa hiyo anwani, naye anaishi peke yake huko Doha. Usiiachilie. Mpigie yeye kwanza, kwa sauti yako. Anatoka kazini na njaa, kwa hivyo muulize kama amekula. Akisema bado, mwambie utampigia tena, umngoje ale. Utanifanyia hivyo, Mama Okwi?"