Kona ya Kushoto ya Ukuta wa Kitale

Mwaka wa 2006 wenye maduka wa Bungoma walikuwa wamemchoka Sifuna kabisa. Mzee wa miaka sitini na tatu, koti la kijivu, shingo juu, anasimama katikati ya njia akikodolea macho ukuta wa mtu. Wengine walidhani ni dalali wa mnada, wengine wakasema ni kanjo, askari wa baraza la mji, anayetafuta makosa. Mama mmoja wa duka la viatu alimmwagia maji machafu karibu na miguu.

"Unaangaria nini kwa nyumba ya wenyewe?" alimfokea.

"Naangaria kazi yangu. Huu ukuta ulikuwa na maandishi kabla wewe uzaliwe. Sabuni, mkate, majani chai. Mmepaka rangi juu, ati ni maendeleo!"

"Kazi yako! Toka hapa, bana."

Hakutoka. Sifuna hakuwa mtu wa kutoka akiambiwa atoke, na tabia hiyo ilikuwa imemponza maisha yake yote. Alibaki pale mpaka akaridhika kwamba chini ya ile rangi mpya hapakuwa na herufi hata moja iliyosalia, ndipo akamsonya yule mama na kwenda zake.

Alikuwa fundi wa kuandika kuta. Siku zile kila duka la Kitale na Bungoma liliandikwa kwa brashi, na fundi aliheshimiwa. Sasa matangazo yalichapishwa kwenye plastiki mjini Eldoret, na kampuni za simu zilikuwa zinapaka majengo mazima kutoka paa hadi msingi, rangi ya kuumiza macho, na wenye majengo wanashangilia kwa sababu ni ya bure. Sifuna alizichukia zile rangi kwa moyo wake wote. Hata hivyo alijua kusoma ukuta ambao wengine walidhani hauna kitu. Alingoja mvua. Plasta hunywa maji ikawa nyeusi, lakini mahali palipopitiwa na rangi ya mafuta maji huteleza, kwa hiyo ukuta ukilowa, maandishi ya zamani hujitokeza kwa muda wa kama nusu saa, kisha jua likipiga yanapotea tena. Ndiyo maana mvua ikianza watu wakakimbilia vibarazani, yeye alikuwa anatoka.

Alichokitafuta kilikuwa kimoja: ukuta wenye jina lake. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kinajengwa kwenye njia ya kwenda Moi's Bridge, na kamati ilitaka kuipa karakana ya uandishi wa mabango jina la fundi wa zamani. Ngige wa Kitale aliitaka heshima hiyo. Sifuna naye aliitaka. Kiplimo, mwenyekiti wa kamati, mtu mpole asiyependa kelele, alimwandikia kila mmoja barua: mwenye kuonyesha ukuta mmoja ambao jina lake bado linasomeka, huyo atakubaliwa. Sifuna alizunguka miezi mitatu. Bungoma, Malakisi, hata kijisoko chake cha Bumula. Kote rangi mpya.

"Si kuna ule wa Kitale," mkewe Edah alimwambia siku moja, bila kumtazama.

Alijua upo. Alikuwa ameapa kutopita mtaa ule, na kiapo hicho alikishika miaka ishirini na saba.

Ngige ndiye aliyemfundisha kazi. Kwa desturi yao fundi mkubwa aliweka jina lake kona ya chini kulia, herufi za ukubwa wa kidole gumba, na mwanafunzi hakuweka jina popote. Mwaka wa 1979 walipewa ghala la mahindi la Uaminifu Stores, ukuta mrefu kuliko wote waliowahi kuandika, na Ngige akamwahidi kwamba hapo majina yatakuwa mawili. Walifanya kazi siku tano. Siku ya sita, siku ya kutia majina, Sifuna alikwenda Malakisi kumzika mjomba wake. Ilikuwa Januari, msimu wa mahindi, na aliporudi magunia yalikuwa yamerundikwa uani hadi ukutani, kupita kimo cha mtu. Alikwenda moja kwa moja kona ya kulia, mahali jina la fundi hukaa. Akakuta NGIGE, na pembeni yake bomba la maji ya mvua. Basi.

Hakuuliza mtu. Alichukua ndoo ya chokaa, akalifuta jina la mwalimu wake, na chokaa ilipokauka akaandika SIFUNA juu yake. Ngige alipokuja kuona walitukanana mbele ya wapakiaji wote. Sifuna akahama na familia yake wakarudi Bumula, na tangu siku hiyo kila aliyetaka kusikia alimsikia, kanisani, kilabuni, matangani: Ngige ni mwizi, Ngige amekula jina langu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Edah. Yeye na Rahab, mke wa Ngige, walikuwa wakiuza mboga meza moja sokoni Kitale. Walinyonyesheana watoto wao. Sifuna alimkataza hata kumsalimia. Rahab alipokufa mwaka wa 2001, Edah alifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba, akamkuta mumewe amesimama mlangoni. "Ukienda kwa mwizi, usirudi hapa," alimwambia. Edah akakaa chini na kitambaa chake kichwani siku nzima.

Sasa Sifuna alimwita Kiplimo waonane kwenye ghala hilo Alhamisi, saa nne. Alifika saa nne kasorobo na mvua ilikuwa imekatika muda huo huo. Ukuta umelowa vizuri. UAMINIFU STORES, WANUNUZI WA MAHINDI, ilisimama pale na alijisikia kijana. Alikwenda kona ya kulia, karibu na bomba.

NGIGE.

Chokaa ilikuwa imebanduka yote na jina la Sifuna limekwenda nayo. Alijitukana mwenyewe kwa sauti. Mwanafunzi wa juma la kwanza anajua rangi ya mafuta haishiki juu ya chokaa. Alijua hata siku ile, ila hasira haikumpa nafasi ya kufikiri.

"Wewe ndio Sifuna?" Mwanamke alikuwa ametoka ndani ya ghala akijikung'uta unga. Jina lake Rosaline, na ghala lilikuwa lake siku hizi. "Nilikuwa nakungoja. Watu wa simu wamekuja hapa mara mbili na rangi yao, na mzee Ngige akaniomba nikatae. Alisema kuna mtu wa Bumula lazima atakuja. Akasema akija nimuache aangalie kona zote mbili."

"Kona gani mbili?"

Rosaline alionyesha kwa kidevu. Sifuna akatembea urefu wote wa ukuta, hatua thelathini na kitu, mpaka kona ya kushoto, mahali palipokuwa na magunia. Pale chini, kwa herufi za ukubwa wa kidole gumba, paliandikwa SIFUNA. Rangi ile ile, mwaka ule ule. Na S yake ilikuwa na kamkia chini, kamkia ambako Sifuna hakuwahi kukaweza, ambako mtu mmoja tu Kitale nzima alikuwa akikaandika.

Bomba lilikuwa limebakisha nafasi ya jina moja tu kulia, kwa hiyo la pili liliwekwa upande wa pili. Jambo dogo hivyo. Angevuta magunia mawili tu siku ile angeliona.

Kiplimo alifika kwa wakati, na Ngige nyuma yake, mkongojo mkononi, uso umefungwa kama siku ya mwisho walipoonana. Hapakuwa na salamu.

"Naona majina mawili," Kiplimo alisema kwa furaha. "Hii ni nzuri sana. Na hili la huku, mzee Sifuna, ni wewe uliandika?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kiplimo hakujua S moja na nyingine. Ngige alimtazama tu, na Sifuna akaelewa kwamba hata sharti la ukuta lilitoka kwa huyu mzee, kwamba alikuwa ameutunza ukuta huu miaka yote kwa ajili ya dakika hii. Alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia. Alimchukia kwa sababu hakuwa na kosa.

"Ni yeye," Sifuna alisema.

"Sijasikia," Ngige akasema.

"Ni wewe uliandika! Umesikia sasa?"

"Nimesikia."

"Na kwa nini hukuniambia? Miaka yote hiyo, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuja na ndoo."

Kiplimo, aliyekuwa ameanza kuona haya kusimama katikati yao, alisema haraka kwamba karakana itaitwa kwa majina yote mawili, yataandikwa mlangoni, na kila mtu afurahi.

"Lake liandikwe kushoto," Ngige alisema. "Na wewe, Sifuna, Jumapili simama kanisani kwako. Wale wote uliowaambia mimi ni mwizi, waambie ulichokiona hapa. Mkono wangu sikupi." Akageuka, akaenda zake na mkongojo wake.

Sifuna alifika Bumula jua bado liko juu. Edah alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Ulipata jina lako?"

"Nilipata."

"Alikuwa amelificha wapi?"

Angeweza kudanganya hapa pia, na safari hii alikaribia sana. "Hakulificha," alisema. "Lilikuwa upande wa kushoto, nyuma ya magunia. Aliliandika siku ile ile. Ni mimi sikuangalia."

Edah aliweka ungo chini. Akainuka, akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa kichwani na mkoba mkononi.

"Unaenda wapi saa hizi?"

"Kitale," Edah alisema. "Nionyeshwe mahali walimzika Rahab."

Sifuna alikuwa amesimama langoni, pale pale katika njia ya Edah. Akasogea kando.