Pa Kulaza Boti Kusini ya Kamanga

Darasa la nne sikulimaliza, lakini miaka ile biashara ilipofunguliwa na sangara wakaanza kutafutwa kwa malori, mimi ndiye niliyeunda boti ya mbao ndefu kuliko zote kwenye mwalo wetu wa wavuvi Ilemela, nikaifunga injini. Waliokuwa na vyeti walikuja kuitazama. Shida ikawa mahali pa kuilaza. Magugu maji yalikuwa yamefunika mwalo mzima kama shamba la mtu; ukiwasha injini, mizizi inajisokota kwenye pangaboi, injini inazima. Boti isiyoweza kutoka asubuhi ni kuni. Nikajipa kiangazi kimoja nipate mlango wa mto wenye maji wazi, la sivyo niiuze.

Basi kila magugu yalipotupa nafasi tulivuka upande wa Kamanga tukafuata ufuko kwenda kusini: mimi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mbwa wangu wawili. Watu walicheka kuona mbwa ndani ya boti. Jike mwekundu alikaa mbele kabisa, pua juu, na kabla hujamwona kiboko yeye ameshanguruma. Dume mweusi kazi yake ilikuwa kutapika.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa tamu. Kila mto una tabia yake. Mmoja unaingia ziwani na maji ya rangi ya chai. Mwingine umejificha nyuma ya mafunjo, hujui kama upo mpaka uone kinyesi cha ng'ombe kinaelea. Kwenye kila mlango nilishusha upondo, mti wa kusukumia boti, mpaka chini, nikautoa, nikanusa ncha yake.

"Unanusa nini, shemeji? Mchuzi?"

"Udongo. Nanga inashika udongo, jiwe haishiki."

"Na kwenye darasa la nne ndiyo mlifundishwa hayo?"

"Ningefundishwa ningebaki."

Mwisho wa Julai tukapata mlango mpana, kina cha upondo mzima, chini udongo mzuri, na njia ya lori haiko mbali. Ilikuwa asubuhi. Nikasema nimepata, nikatupa nanga. Tukala kiporo cha ugali wa muhogo na dagaa, nikalala usingizi wa mshindi.

Saa tisa alasiri shemeji akaniamsha kwa kidole cha mguu. "Amka, ziwa limekuja kukusalimia."

Upepo ulikuwa umegeuka. Asubuhi ulitoka nchi kavu ukayasukuma magugu nje. Sasa ulitoka ziwani, unayarudisha yote ndani, kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimepima kina, upepo wa mchana sikuupima.

Magugu yalikuwa yameisogeza boti hadi ukingoni. Jike akaruka nchi kavu, akapotea nyuma ya jabali kubwa, akaanza kubweka. Nikamwachia shemeji upondo aizuie boti, nikamfuata mbwa huku namtukana, dume nyuma yangu. Nyuma ya jabali palikuwa na kighuba kidogo, maji meusi yametulia, mitumbwi minne imelala, na hakuna jani la gugu hata moja. Jabali liliukata upepo, magugu yakapita kando. Nilisimama pale nikitazama tu, jinsi jiwe moja linavyoweza kufanya kazi hiyo yote.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama na ndoo, mbali na maji, anamtazama jike wangu. Manyoya ya shingo ya mbwa yalikuwa yamesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbwa wako huyo?"

"Wangu."

"Anakiona. Juzi kilichukua ndama palepale."

Nikaangalia anapobwekea. Yalikuwa macho mawili na pua, vimetulia kama vipande vya gome. Mamba.

Nikamweleza haja yangu, na boti yangu, na urefu wake, na injini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Boti ilale tu, nafasi ipo. Lakini huyo mbwa abaki. Hapa ndipo tunapochota maji, na mbwa wetu wanabwekea hata vivuli vyao."

"Mama, huyo ndiye macho ya boti. Chukua dume."

Akamgeukia dume, aliyekuwa anatafuna nyasi atapike vizuri. "Huyo mpeleke hospitali."

Nimebishana na wenye viwanda vya samaki, watu wenye tai, nikawashinda. Kwa yule mama nikasema haya, abaki. Tukaisukuma boti kwa upondo mpaka ikazunguka jabali, ikalala penye maji wazi. Kisha nikampeleka jike hadi mlangoni kwa yule mama. Akanusa kizingiti, akazunguka mara moja, akajilaza. Sikutegemea angejilaza upesi hivyo.