Chui Im na Shati la Beng Liat

Chui Im alikuwa mpasuaji wa chaza, kama wanawake wote wa kijiji chake kilichopo mlangoni mwa bandari ya Choanchiu. Mikono yake ilijaa makovu ya maganda mpaka viwikoni. Hata hivyo kila asubuhi alisokota nywele zake na kuzizungushia maua mabichi, mvua inyeshe isinyeshe. Majirani walimtania: mwanamke mwenye mume aliyepotea anampambia nani?

"Nawapambia chaza," alijibu. "Wakiniona nimechakaa hawafunguki."

Mume wake, Khu Beng Liat, alikwenda Manila mwaka wa pili wa ndoa yao, akauze katika duka la mjomba wake. Mwaka uliofuata meli moja ya kurudi ilizama, na watu wakasema naye alikuwamo. Maiti haikuonekana, barua haikuja. Ikapita miaka kumi na mmoja.

Huku kwetu aliyefia baharini ni lazima aitwe arudi nyumbani, la sivyo anakaa kwenye maji na njaa yake, anagombea makombo na wafu wasio na kwao. Lakini kumwita mtu aliye hai ni jambo baya mno, maana roho inabanduka mwilini na kuifuata sauti. Chui Im aliliogopa jambo hilo, akawa kila mwaka anasema tungoje kidogo. Mama mkwe wake hakumpa nafasi ya kupumua.

"Wewe wali unakushuka vizuri?" mzee yule alimuuliza wakiwa mezani. "Mimi kila nikimeza namwona mwanangu kafungua mdomo."

"Mama, na kama yu hai?"

"Aliye hai huandika, mkwe wangu. Hata kutukana huandika."

Mwezi wa tisa, maji yalipopwa, Chui Im alikubali. Alifunga shati la mumewe kwenye mti wa mwanzi, akasimama kwenye matope, akamwita jina lake mara tatu. Kisha akarusha vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu, vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kimoja kililala kifudifudi, kingine chali. Hilo ndilo jibu la ndiyo. Akabeba shati bila kugeuka nyuma, huku akimwonyesha njia kama anayemwongoza kipofu: "Hapa jiwe. Hapa daraja, pita katikati. Hapa kizingiti, inua mguu."

Beng Liat aliingia. Hakuna aliyemwona, lakini waliishi naye. Jioni kiti chake kililia kama kimekaliwa. Nyuma ya ukuta wa nyumba, uliojengwa kwa maganda ya chaza, mtu alikohoa kile kikohozi chake kifupi, kama anayetaka kusema halafu akaghairi. Mama mkwe akanenepa. Na Chui Im, sitaficha, alifurahi. Alimpasulia chaza huku akimsimulia habari za miaka kumi na mmoja, na alipofika pa kuchekesha alinyamaza kidogo, ili naye apate kucheka.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Mzee Hong, mpeleka barua za ng'ambo, alibisha hodi. Ndiye aliyewasomea barua wote wasiojua kusoma.

"Imetoka Manila," alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Kwa mtu anayefanya kazi duka moja na Beng Liat wenu."

"Anayefanya au aliyefanya?" Chui Im aliuliza.

Mzee Hong aliisoma mpaka mwisho kimoyomoyo kwanza, kisha akawaeleza. Beng Liat hakupanda meli ile. Alipata mke mwingine kule na mabinti wawili, aibu ikamziba mdomo. Lakini tangu mwezi wa tisa alikuwa hajitambui. Alikaa kitandani akiutazama ukuta, hali chakula mpaka alishwe, na akiulizwa yuko wapi anasema yuko nyumbani, anasikia maganda yakipasuliwa. Mganga alisema hatavuka mwezi wa tatu. Mkewe wa huko alikuwa akilia tu.

Mzee Hong alipoondoka, kile kikohozi kilisikika nyuma ya ukuta.

"Nimemuua," Chui Im alisema.

"Umemrudisha," mama mkwe alisema. "Mwache hapo alipo. Hao wa huko wamemla miaka kumi na mmoja, sasa ni zamu yetu."

"Mama, ana watoto."

"Na mimi nina mtoto!"

Kulipokucha Chui Im alilichukua shati lililotundikwa mbele ya madhabahu ya wahenga. Lilikuwa zito kama limeloa, ingawa halikuwa na tone la maji. Alilifunga kwenye mwanzi akatoka, safari hii akienda kinyumenyume, akimtazama asiyeonekana. "Inua mguu, hapa kizingiti. Twende. Hapa daraja." Walipofika matopeni, maji yalikuwa yameanza kupwa. "Nenda kwa wanao," akamwambia. "Hapa sikuiti tena." Mwanzi ulipinda mkononi mwake kuelekea kijijini, na upepo haukuwapo.

Ndipo aliposikia sauti kutoka darajani. "Beng Liat! Rudi, mwanangu, rudi!"

Mama mkwe alikuwa anakuja mbiombio kwa miguu yake mibovu, mikono miwili imekumbatia bakuli.

"Nenda!" Chui Im alipiga kelele.

"Rudi!"

"Mama, ukimshika anakufa! Atakufa kweli, na sisi ndio tutakuwa tumemuua!"

Mzee yule alisimama, matope yamemfika kwenye vifundo. Alilitazama shati. Kisha akaliweka bakuli chini ya shati, uji wa chaza ungali unatoa moshi.

"Basi mwache ale kwanza," alisema. "Safari ni ndefu."

Wakasubiri pamoja kiasi cha mtu mwenye njaa kumaliza bakuli. Uji uliacha kutoa moshi. Chui Im akafungua fundo la kwanza la shati, maji yapate kulichukua, na mkwewe akamsaidia la pili.