Uso wa Hermine kwa Kadi ya Msiba

Kesho kutwa Hermine anazikwa, na kadi za msiba bado hazijachapwa kwa sababu uso wake haupo. Hapa Vienna, marehemu awe hata muuza soseji, waombolezaji hupewa kikadi chenye picha yake waende nacho nyumbani. Na mume wa Hermine, mzee Ottokar Zwettler, amepiga picha miaka arobaini! Aibu gani hii?

"Baba, moja tu," alisema binti yao, Gerlinde. "Ile ya harusi haifai. Nani atamjua?"

"Ipo. Nitaipata," alijibu Ottokar, akifungua makasha ya negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo.

Makasha yote yalikuwa ya ukumbi ule ule wa makumbusho ya viumbe: ngazi za marumaru, nguzo, kuba juu kabisa. Jumapili watu hufurika pale, lakini kwenye picha za Ottokar humwoni hata mmoja. Kila picha alikuwa akiiacha lenzi wazi dakika kumi nzima. Anayetembea hanaswi na filamu, linabaki jiwe peke yake. Walimsifu kwa hilo, naye akavimba kichwa. Hermine, aliyembebea mkoba, alifokewa sawa na wageni.

"Tembea, mama Gerlinde! Ukisimama umeniharibia!"

"Si natembea, bwana mkubwa? Nikifa niweke kabatini na hao ndege wenu waliokaushwa, nipumzike." Akacheka, akapanda na kushuka kwa goti lake bovu.

Miaka thelathini, jamani, alitembea. Ottokar aliinua negativu moja moja dirishani, akitafuta walau kivuli. Wapi! Alipofikia ya mwaka 1979 hakungoja hata kuiinua dirishani. Siku ile Hermine alichoka, akaketi ngazini mpaka lenzi ikafungwa, akimtazama yeye tu. Waligombana njia nzima kurudi nyumbani.

"Hii hapa! Nimempata!"

Gerlinde akaisogeza kwenye mwanga. "Mbona ngazi tupu?"

Ndipo Ottokar akakumbuka, akakaa sakafuni. Baada ya ugomvi ule alikesha siku mbili na kiwembe na wino, akamkwangua mkewe kwenye negativu, akaanzia usoni, akachora marumaru mahali pake. Kazi safi mno. Sasa hata yeye hakuweza kuonyesha alikuwa ameketi ngazi ya ngapi.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Nilimfuta, mwanangu," alisema. "Kwa mkono wangu huu."