Kikwembe cha Koko Kanisani

Kila umeme unapokatika hapa mtaani Kakoba, Mbarara, na mtu akazima mshumaa kwa pumzi, harufu ile ya nta na utambi hunirudisha kanisani. Si kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, sisi Waprotestanti, lenye mabati na turubai. Nasema lile la zamani la Wakatoliki, juu ya kilima nje ya Mbarara, ambako mahujaji huenda kila mwaka.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Koko, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea tangu tulipokimbia Kivu ya Kusini. Baba aliuawa njiani, na wenzetu wakamvuta Koko kutoka kwenye maiti kabla hajaifunika, maana risasi zilikuwa karibu. Kwetu mama humfunika mwanawe kwa kikwembe, kitenge alichovaa yeye mwenyewe. Kwa kuwa hakufanya hivyo, Koko alikataa matanga, akakataa hata kutaja jina la baba. Wazee wa kambini walimsihi mpaka wakachoka.

Jirani yetu Mama Furaha, Mkatoliki hasa, alipotuambia kuna nafasi kwenye lori la mahujaji, Koko alikubali kwa sababu alitaka mbegu za maharage za mjini. Mambo ya sanamu, alisema, ni ya Mama Furaha mwenyewe.

Basi tukafika, tukaingia kanisani. Jamani, sikujua kama nyumba inaweza kwenda juu namna ile. Dari lilikuwa la buluu, limechorwa nyota, na vioo vya madirisha vilimwaga rangi nyekundu na kijani sakafuni mpaka nikaogopa kuzikanyaga. Katekista mzee, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wanajeshi wa kambi ya Makenke, alitueleza kwamba matofali yote yalipanda kilima vichwani mwa waumini, wakiimba. Kisha akatuonyesha sanamu ya Maria akiwa na maiti ya mwanawe mapajani, iliyochongwa na fundi wa kulekule kutoka gogo moja la mvule. Fundi huyo alimpa Maria miguu ya mkulima, yenye visigino vilivyopasuka.

Koko aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Halafu akafungua kikwembe chake cha juu, akabaki na cha ndani, akamfunika yule mwana kuanzia kifuani mpaka miguuni, polepole, kama anayelaza mtoto.

“Byamungu, mwana wangu,” alisema, akimwita baba kwa jina. “Banilazimisha kukuacha mu njia. Lala sasa.”

Mchungaji wetu alikuwa ametuonya sana juu ya sanamu, nami nilikuwa nikingoja dari lituangukie. Mama Furaha, kwa aibu, alinyoosha mkono akiondoe kile kikwembe, katekista akamzuia.

“Wacha, mama. Hiyo nguo inakaa hapo.”

Niwaambie ukweli, mimi nilisikitikia kikwembe. Kilikuwa kipya, nami nilishaanza kukipigia hesabu. Nilinuna njia nzima. Tulipofika Nakivale Koko aliwasha moto nje, akaita majirani, na matanga ya baba yakaanza. Nilidhani ni sherehe ya mahujaji.

Ilibidi nizae wa kwangu ndipo nikaelewa. Siku hizi mtu akiniuliza baba yangu alizikwa wapi, sitaji msitu wala njia. Namwambia: Mbarara, kilimani, na mama yake ndiye aliyemfunika.