Kibuyu cha Njahi

Daktari wetu wa kituo cha utafiti wa kilimo alikuwa amesomea kunde na maharagwe ng'ambo, miaka mingi, na bado hakuweza kula njahi, yale maharagwe yetu ya asili, bila kulalamikia tumbo. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta njahi yenye protini na madini mengi ya chuma, azalishe mbegu ya kuwafaa watu wetu. Watu wale wale ambao maafisa wa kilimo walikuwa wamewahimiza wang'oe njahi wapande mahindi.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara, nikikaa mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Kiherehere changu kikanifanya niseme kwamba mama yangu, huko chini kuelekea Mbeere, bado anayo njahi ya madoadoa aliyoachiwa na mama yake. Kila mwanamke wa boma letu aliyejifungua alipikiwa hiyo. Iliiva upesi, na maziwa hayakuchelewa. Majirani hawakuwa nayo tena. Walikuwa wametii maafisa.

Tukaenda na gari la kituo. Dada yangu mdogo alikuwa mjamzito, na kilichobaki nyumbani ni kibuyu kimoja, cha kupanda na cha kumpikia. Daktari aliomba viganja viwili. Mama akateremsha kibuyu kizima.

"Mama, kidogo tu inatosha. Ni ya kupima."

"Sasa mgeni nitampatia nusu ya kibuyu namna gani?" mama akamjibu. "Mtanirudishia kabla ya mvua."

"Tutarudisha," nikasema mimi, haraka, utadhani kituo ni changu.

Kituoni nikasaga njahi ya kupima. Daktari alitaka protini ipimwe mara tatu, chuma mara tatu, kisha akaitilia shaka mashine akataka turudie yote. Yeye alidhani nimeweka mbegu kando. Mimi nilidhani ameweka yeye. Watu wawili wenye vyeti ukutani, na hakuna aliyekumbuka jambo ambalo mama, asiyejua kusoma, hulitimiza kila mavuno kabla ya kuinjika sufuria.

Majibu yalipotoka, ile ya madoadoa ilikuwa imezipita nyingine zote. Daktari akafurahi kupita kiasi, akaagiza ipandwe mara moja.

"Lete mbegu," akaniambia.

Nikamletea chupa ya unga. Akaigeuza chupa juu chini, akitafuta hata punje moja. Mimi nilikuwa nimeitafuta tangu asubuhi, kwa aibu.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikanunua njahi nyeusi sokoni Embu, nikakijaza kibuyu hadi shingoni, tukashuka nyumbani, daktari akibeba karatasi ya majibu. Akamsomea mama kwamba njahi yake ndiyo bora kuliko zote.

"Hiyo nilijua," mama akasema.

Akaimimina ile ya sokoni kwenye ungo, akaitazama kidogo, kisha akaitia yote sufuriani. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Haikuiva mapema. Tulikula jua likishuka, na daktari akaisifu, akaomba kuongezwa. Dada yangu alikaa karibu na moto, tumbo limemfika magotini, akila pamoja nasi. Mama aliichukua karatasi kutoka mezani, akaikunja vizuri, akaisukumia ndani ya kibuyu. Ndipo akanigeukia na kusema kwa Kiembu, ili mgeni asielewe:

"Dada yako akijifungua, uje unionyeshe karatasi hii inapikwa vipi."