Susu Kasiva na Lango la Nyuki

Nyuki wa Susu Kasiva hawapendi marashi, hawapendi kitunguu, na mtu anayekimbia ndiye hawampendi kabisa. Hayo niliyajua kabla sijaanza shule, maana nyumba tunayopanga na nyumba yake ziko ua mmoja, huku mwisho wa Voi ambako mtaa unaishia na vichaka vya mbuga vinaanza.

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Sisi si Wakamba, ni watu wa Busia, Baba aliletwa na kazi ya reli. Lakini mtaani kila mtoto humwita hivyo, hata wale aliowahi kuwafukuza na ufagio.

Alikuja kutoka Kitui akiwa ameolewa juzi tu, mumewe Nzau akikata mkonge kwenye shamba moja la huku. Walinunua ploti, wakajenga. Mimi ni mtu wa maswali, kwa hivyo siku moja nilimwuliza, "Susu, mbona mlango wako umeipa barabara mgongo?" Mwalimu wa jiografia alikuwa ametuonyesha ramani ya mtaa, na barabara ilikuwa nyuma ya nyumba zetu, pana kabisa.

"Barabara gani? Hiyo ni ya ndovu."

Kumbe hiyo barabara haijawahi kuona tingatinga. Waliokuwa wakiitumia ni ndovu, giza likianza kuingia, kufuata mahindi ya watu. Mwaka mmoja walimaliza shamba lote kisha wakasukuma ukuta wa jikoni, Susu akiwa chini ya kitanda, mtoto amemziba mdomo kwa kanga. Baada ya hapo alisimamisha nguzo kuvuka barabara yote, akavuta waya, akaning'iniza mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Nzau alicheka mpaka akakaa chini. Kwao mizinga ni kazi ya wanaume na hupandishwa juu ya miti. "Umeianika kama suruali zangu," alimwambia. Lakini ndovu hawakurudi. Nzau alipokufa, asali ndiyo iliyosomesha watoto.

Mjini tulikuwa tukienda kwa kukatiza ploti tupu iliyo mbele yetu. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Halafu ubao ukasimamishwa pale katikati. Nilimsomea Susu: mwenye ploti anaomba ibadilishwe kutoka makazi hadi biashara, na mwenye pingamizi alifikishe kwa kaunti.

"Biashara gani?"

"Wanasema yadi ya trela, Susu. Na godauni."

"Na sisi tutapita wapi, angani?"

Siku ya kusikizwa kwa pingamizi alivaa nguo ya kanisa, akabeba chupa ya asali kwa ajili ya maafisa, maana kwake huendi kwa mtu mikono mitupu. Mama alitangulia, mimi nikafuata nyuma. Mwenye ploti, Derrick Mwangangi, alikuwepo, kijana wa Kitui vilevile. Alimwinamia na kumwita mwaitu, yaani mama.

Susu alisema ukuta ukijengwa atakuwa amefungiwa. Afisa alikunjua ramani mezani.

"Lakini Mama, hapa una barabara nyuma. Hakuna anayekufungia."

Susu akacheka. "Hiyo? Hiyo niliifunga mimi mwenyewe! Kwa mizinga. Tangu siku hiyo hakuna ndovu aliyeonja mahindi ya mtaa huu."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nilikuwa najivunia Susu wangu.

Afisa hakucheka. "Mama, unasema ulifunga barabara ya umma?"

Makofi yakafa. Susu alitazama chupa yake ya asali pale mezani.

Kibali kilitoka, pamoja na amri kwamba njia ya nyuma ifunguliwe. Ukuta wa mawe ulipanda haraka sana. Jua la asubuhi sasa hatulioni mpaka lishakuwa kali. Derrick alikuja mwenyewe na unga na sukari.

"Mwaitu, usinichukie. Niuzie hapa, uende Mbololo. Kule kuna mvua, utalima."

"Unanifungia mlango halafu unaniambia nitoke?"

"Nakutakia mema tu."

"Huko nitakuwa mgeni. Ugeni niliumaliza nilipokuja hapa." Unga aliupokea, sukari pia. "Mtoto wa kwetu simrudishi na mzigo," alimwambia Mama baadaye.

Kwa amri hiyo, Fundi Festus wa mtaani alikata waya, akaweka mti mrefu wenye mzinga mmoja, unaoinuliwa na kushushwa. Hilo ndilo lango letu. Ukiliacha wazi, ndovu wanaingia. Ukilifunga, uko ndani, maana mti hushushwa kutoka ndani tu. Asubuhi mapema nyuki wametulia, lakini ndovu bado wako njiani. Mchana ndovu wamerudi vichakani, lakini nyuki ni wakali, na trela zikinguruma nyuma ya ukuta wanazidi ukali. Susu aliacha kwaya, kisha soko. Asali ikabaki jikoni kwenye ndoo. Kila asubuhi alitoka na kopo lake la moshi wa kutuliza nyuki, akasikiliza kwanza vichakani, ndipo akatuinulia mti twende shule.

Siku moja niliumwa kwenye kope, jicho likafura kama andazi.

"Nabwile, umepigana na nani?" Shanice aliniuliza darasani.

"Na kaunti."

Walicheka. Baba hakucheka. Mwezi huo huo alipata nyumba karibu na stesheni. Kwa mpangaji ni rahisi hivyo: unakunja godoro, unaenda. Susu ana hati ya ploti, na anayetaka kuinunua ni mmoja tu.

Tulihama asubuhi. Susu alishika mti juu kwa mkono mmoja na moshi kwa mwingine, vitanda vyetu vikapita, meza ikapita, Mama akapita akilia. Mimi nilibaki nyuma.

"Susu, na wewe nani atakuinulia?"

"Mimi niko upande wa kuinua."

"Lakini ukitoka, nani atafunga?"

Nadhani hilo alikuwa ameshalifikiria siku nyingi, peke yake. "Pita," alisema, "mkono unachoka."

Nikapita. Akashusha mti polepole, lakini trela ilinguruma nyuma ya ukuta wakati huohuo, ardhi ikatetemeka, waya ukatikisika, mizinga yote ikaanza kuyumba. Nyuki wakatoka. Nilitaka kurudi kumkumbatia, na yeye alikuwa amenyoosha mkono juu ya waya, kisha akaurudisha.

"Tembea, Nabwile!" alisema kutoka ndani. "Usikimbie."

Nikatembea.